Kazi Isiyohitaji Mdomo

Ripoti yangu ya kidato cha nne ilikuwa na mstari mmoja ambao baba alitaka kila mgeni aliyefika kwetu Keza ausikie. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi. Nilisimama katikati ya chumba, karatasi mkononi, nikasoma: "Ni mpangilifu na mkimya, lakini hupenda kufanya kazi peke yake." Nilipofika kwenye ile "lakini," baba alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe ana kifafa.

Siku zile kupenda kufanya kazi peke yako kulihesabiwa kuwa kosa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye migomba yetu ya zamani, tukapangwa kwenye nyumba za mstari, namba mlangoni. Mama alilia wiki nzima kwa ajili ya ile migomba. Mimi, nasema kwa aibu, ile mistari niliipenda. Nilipenda kujua kwamba nyumba ya tisa inafuata ya nane. Nisichokiweza kilikuwa shamba la kijiji: kwenda kwa filimbi, kulima kwa wimbo, kupumzika kwa wimbo. Nilichagua tuta langu la mwisho kabisa na kulimaliza kabla ya wenzangu. Badala ya kusifiwa niliitwa kwa balozi wa nyumba kumi.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Na wenzako?"

"Wanaimba."

"Wewe msomi," alisema, "sisi hapa hatushindani. Rudi ukaimbe."

Nikarudi. Sikuimba, nilichezesha midomo.

Kwa kuwa nilikuwa na kidato cha nne na sikuchaguliwa kwenda popote, nilipewa darasa la kisomo cha watu wazima. Wanafunzi wangu walikuwa rika la bibi zangu. Nilisimama mbele yao na sauti ikakauka. Kikongwe mmoja kutoka Murukulazo, aliyekuja kwa bintiye, aliniambia kwa upole, "Mwalimu, tukisogea karibu zaidi tutakukalia miguuni, na bado hatukusikii." Walicheka wote, nami nikageukia ubao nikaandika herufi nzuri, zilizonyooka, ambazo hakuna aliyejua zinasomwaje kwa sababu sikuzisoma kwa sauti. Mratibu wa elimu alipokuja kukagua alikaa nusu saa, akafungua madaftari yangu ya mahudhurio, akayaangalia muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi.

"Binti," akasema, "kufundisha huwezi. Usikasirike, nakwambia ukweli. Lakini madaftari kama haya sijayaona wilayani. Kuna kituo cha afya wanatafuta mhudumu wa maabara anayejua kusoma. Kazi ya kuosha vioo. Haihitaji mdomo."

Ndivyo nilivyoipata. Nimesikia wasichana wakisema kazi inayokufaa utaijua ukishazeeka. Uongo. Mimi niliijua siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana.

Fundi wa maabara alikuwa mzee wa Kizinza kutoka Biharamulo. Nilimwamkia, "Shikamoo," akasema, "Marahaba," akanionyesha beseni lenye vioo vichafu vya kupimia damu, akatoka. Hakusema vioshweje. Niliviosha, nikavifuta, kisha nikaona vingine vimevunjika pembe na vingine vina mikwaruzo, nikavitenga: vizima huku, vyenye pembe mbovu kule, vyenye mikwaruzo peke yake. Aliporudi alivitazama. Asubuhi iliyofuata nilikuta kuna stuli ya pili mezani, karibu na dirisha la mashariki, na mbele yake hadubini ya zamani yenye kioo cha kukamata jua.

Mwaka mzima tulikaa hivyo, yeye na stuli yake, mimi na yangu. Alinifundisha kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno. Kuchoma kidole cha tatu, si cha shahada, maana cha shahada mtu analimia. Tone moja, litandazwe jembamba, likauke lenyewe bila kupulizwa. Rangi, maji, kukausha kwa kusimamisha kioo wima. Kisha kugeuza kile kioo cha chini taratibu mpaka jua lipande kwenye lenzi na damu ionekane. Wingu likipita tunasubiri. Neno lake refu kuliko yote lilikuwa hili: "Hesabu sehemu mia. Ukifika mia hujaona mdudu, hapo ndipo unaandika hakuna. Ukiandika ukiwa tisini umedanganya."

Nilihesabu mia. Kila kioo. Wauguzi walipita dirishani wakasema, "Mabubu wawili, mnaelewanaje?" Tulielewana sana. Siku nyingine tulimaliza asubuhi nzima kwa maneno kumi, na nilirudi kwenye chumba changu nikiwa sijachoka. Kwingine kote nilikokwenda maishani nilirudi nimechoka, hata harusini kwangu.

Ndiyo, niliolewa. Mume wangu alikuwa mwashi aliyeletwa kujenga wodi mpya, mtu wa kuongea kwa niaba ya wawili, nikaona hilo litanipunguzia kazi. Kwao ni Mbuba, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kituoni. Kabla harusi haijapoa, mama mkwe aliniita jikoni akanieleza lile ambalo kila mwanamke wa Kihangaza analijua: mke hatamki jina la baba mkwe. Kwa bahati mbaya jina la mzee lilikuwa pia jina la kitu kilichomo katika kila nyumba, kwa hiyo wakamwana wa pale walikipa kile kitu jina jingine, na mzee mwenyewe, wakiwa peke yao jikoni, walimwita Mwenye Mji. Wanaume hawakujishughulisha na majina ya jikoni. Nadhani hata yeye hakujua kwamba anaitwa hivyo.

Nilisoma biolojia mimi. Ningeweza kucheka. Lakini mimi sheria nikishaipokea naishika, na nikishaishika naifuata mpaka uliko mwisho wake. Mume wangu alikuwa mgambo, na vita vilipoanza huko kaskazini alichukuliwa pamoja na wa kwanza. Barua zake zilikuja zimesainiwa jina lake na la baba yake. Mimi nikijibu, juu ya bahasha niliandika namba yake ya jeshi na jina lake la kwanza tu. Barua zilifika. Nilijiona nimepata njia safi. Hata kwenye rejista ya maabara, walipokuja watu wawili kwa nyakati tofauti wenye jina lile lile la mzee, niliwaandika kwa ubini wao peke yake. Hakuna aliyepotea. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, na hakuna aliyenikataza, kwa sababu hakuna aliyejua. Nilipenda iwe hivyo.

Vita vilichukua mafuta ya taa, vikachukua sabuni, malori yote yaliyokuwa yakipita yakawa yanaelekea upande mmoja. Kisha Landrova ya serikali ikaja kumchukua mzee wa maabara akahudumie majeruhi. Waliipakia na hadubini mpya aliyokuwa akiitumia, wakaniachia ile ya zamani. Alipokuwa anapanda alinitazama, akatazama dirisha la mashariki, akasema, "Mia."

Nikabaki peke yangu. Kwa karatasi nilikuwa mhudumu wa kuosha vioo, ila nilikuwa nasoma damu ya tarafa nzima. Mganga wa kituo, mwanamume mwenye haraka na moyo mzuri, alisema hana mwingine na hatamtafuta mwingine. Mpango wetu ulikuwa rahisi. Mgonjwa anaingia kwangu na cheti, namtoa damu, anarudi kwenye benchi. Mimi napima, naandika jibu kwenye rejista na kwenye cheti, nakipitisha kwenye kidirisha kidogo cha ukutani. Upande wa pili mganga anakichukua, anaita jina, anatibu. Sikuhitaji kumsemesha mtu. Kila kioo nilikipa namba, nikakipanga kwenye sanduku la mbao, tayari kwa siku ya ukaguzi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Naomba nisihukumiwe. Watu walikuwa wanakufa vitani, mume wangu yuko huko, nami nilikuwa na furaha.

Mganga ndiye aliyeleta habari. Alisimama mlangoni akiwa ameshika barua.

"Wanataka mtu mmoja kutoka wilaya hii aende chuo cha wasaidizi wa maabara. Miaka miwili. Nimependekeza wewe."

"Na mtoto?"

"Utazaa, utamnyonyesha, utaenda. Nimeshauliza, watapokea hata ukichelewa muhula. Mkaguzi anakuja Alhamisi kuona kazi yako. Akiridhika, imekwisha."

Niliitikia kwa kichwa tu. Kama kuna kitu nilichokitaka duniani kilikuwa kile: karatasi yenye muhuri inayosema hii stuli ni yangu, hata mtu wa kijijini akija na filimbi yake.

Jumatatu ya wiki ile ile, baba mkwe alikuja anaumwa. Mama mkwe alikuwa amemshika mkono. Homa, kichwa, macho mekundu. Karani wa mapokezi siku hiyo hakuwepo, alikuwa kwenye mazoezi ya mgambo, kwa hiyo wagonjwa waliingia kwangu moja kwa moja na vyeti niliviandika mwenyewe. Nilipiga goti, nikawaamkia, nikamkalisha mzee, nikamchoma kidole. Mama mkwe alisimama nyuma yangu akitazama kila ninachofanya, kwa fahari. "Mwanamke huyu," alimwambia mumewe kwa Kihangaza, "anaona ndani ya damu." Kisha akasema anatoka kwenda kutafuta mahali pa kujisaidia.

Kalamu ilikuwa mkononi. Juu ya cheti palikuwa na nafasi ya jina. Ubini wake sikuujua, kwa maana mzee wa umri ule alikuwa na jina moja tu, lile lile. Sikufikiri muda mrefu, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu akifanya kosa baada ya kuhangaika unaweza kumwonea huruma. Mimi niliandika "Mwenye Mji" kama mtu anayeandika tarehe, nikamwambia mzee akasubiri kwenye benchi.

Jua lilikuwa zuri. Nilikuwa sijafika hata sehemu ya kumi nilipowaona wadudu: nyuzi nyembamba zilizojisokota kati ya chembe za damu, zinazofanana na nywele iliyoanguka kwenye maziwa. Homa ya papasi, wale kupe wa sakafu za udongo. Nilijisikia vizuri. Ni aibu kuandika hivyo lakini nilijisikia vizuri, kwa sababu ugonjwa ule unatibika kwa sindano na kwa sababu niliuona mimi. Nikaandika jibu, nikapitisha cheti kwenye kidirisha, nikavuta kioo kilichofuata.

Upande wa pili nilimsikia mganga akiita, "Mwenye Mji."

Akaita tena.

"Mwenye Mji yuko wapi? Mwenye Mji."

"Mji gani, Mganga?" sauti ya mwanamume ikauliza.

"Mwenye mji amehamia Dodoma," mwingine akajibu, na benchi zima likapasuka kwa kicheko. Mwanamke akasema mwenye mji hawezi kupanga foleni na sisi. Wakacheka tena. Katikati ya vicheko hivyo nilitambua kimoja kizito, cha kukohoa, cha mtu mwenye homa anayejilazimisha. Nilikitambua, sikukifikiria. Nilichofikiria ni kelele. Niliinuka, nikafunga kidirisha, nikarudi kuhesabu. Nilikuwa kwenye sabini na kitu.

Yaliyofuata niliyapata baadaye, vipande vipande. Mganga alikitundika kile cheti kwenye msumari wa wasioitika. Mzee alipoona waliomfuata wanaitwa kabla yake aliingia mwenyewe, mganga akamuuliza jina, mzee akataja jina lake, mganga akapekua vyeti, hakuna. Kulikuwa na foleni mpaka nje. "Maabara hawajaona kitu," alimwambia, akampa vidonge vya malaria kama tulivyowapa wote, akamwambia akanywe maji mengi. Mama mkwe alipita dirishani kwangu kuniaga kwa mkono. Nami nikampungia. Nilijua mzee ameshachomwa sindano. Nilijuaje? Nilikuwa nimeandika.

Alhamisi mkaguzi alifika. Mtu mrefu, mwenye miwani, aliyeita kila mtu ndugu. Alifungua sanduku langu la vioo akachomoa kumi bila mpango, akavipima kimoja kimoja na kulinganisha na rejista. Vyote kumi vilikuwa sawa. Akachomoa vingine kumi. Alinitazama juu ya miwani.

"Nani alikufundisha?"

"Mzee aliyekwenda vitani."

"Nitamwambia, nikikutana naye."

Mganga alikuwa amesimama pembeni akitabasamu kama mwenye ng'ombe mnadani. Kisha kidole cha mkaguzi kikashuka kwenye ukurasa wa Jumatatu.

"Huyu Mwenye Mji ni nani? Ana papasi. Safu ya tiba ni tupu."

"Tulimwita, ndugu," mganga akasema. "Hakuitika mtu. Cheti kiko hapa msumarini."

Nilikitazama kile cheti. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana. Nikaelewa kila kitu kwa mpigo: kicheko, kikohozi, mkono wa mama mkwe dirishani. Mzee alikuwa Mbuba amelala na ugonjwa wake wote.

"Ndugu," mkaguzi akaniuliza, bila ukali wowote, "unamjua mgonjwa huyu?"

Sikuhitaji kutaja jina. Hilo nalo nimelifikiria mara nyingi nikiwa napepeta mahindi. Ningesema, "Ni baba mkwe wangu." Hakuna mila inayokataza maneno hayo. Lakini ingebidi nieleze kwa nini jina halipo, na mbele ya yule mtu mwenye miwani niliona nitageuka msichana wa kijijini anayeogopa neno, na stuli yangu itachukuliwa na mtu asiyeogopa maneno.

"Simjui," nikasema.

Mkaguzi akatikisa kichwa. "Watu wanaficha majina siku hizi. Wanadhani rejista ni za kuwapeleka mgambo." Akaandika kitu, akafunga daftari, akanipa mkono. "Jiandae kwa chuo."

Kazi nilikuwa nayo mkononi. Ilibaki kwenda Mbuba na kumrudisha mzee. Mwendo wa saa mbili. Ijumaa nilisema wagonjwa ni wengi. Jumamosi nilisema homa ile hushuka yenyewe kwa siku chache, na hilo ni kweli, hushuka, mtu akaona amepona kabla haijarudi. Jumapili nilikwenda kanisani nikaomba imshuke. Nilikuwa nasubiri nini? Nilikuwa nasubiri nipate njia ya kumtibu bila mganga kujua, kwa kuwa sindano ziko kwa mganga. Sikuipata, na sikwenda.

Jumatano iliyofuata walimleta kwa machela ya miti, wanaume wanne wakipokezana, wameloa jasho. Mama mkwe alikuwa nyuma, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu. Mganga alitoka mwenyewe nje.

"Mzee, umeanza lini?"

"Wiki iliyopita nilikuja hapa," mzee akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini alikuwa bado na utani wake. "Mkamwana wangu mwenyewe alinitoa damu. Mkanipa vidonge vichungu nikavinywa vyote. Au mlitaka na kile kikaratasi mlichovifungia nikile?"

Mganga aligeuka akanitazama mlangoni. Alimchukua mzee ndani, akampima, nami nikapima, nyuzi zilikuwa nyingi kuliko mwanzo. Sindano ilimtetemesha mpaka kitanda kikagonga ukuta, jioni akatulia. Aliishi. Nalisema mapema ili mtu asidhani namficha kaburini: mzee yupo, anatembea, ingawa tangu hapo sikio lake moja halisikii na kilima cha kwenda shambani anakipanda kwa vituo.

Mganga aliniita kesho yake. Vile vyeti viwili vilikuwa mezani, cha kwanza na cha pili.

"Nieleze," akasema.

Nikaeleza. Yeye hakuwa Mhangaza, lakini alikuwa ameishi kwetu, aliijua ile mila. Alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shavu.

"Jina ningekusamehe," akasema. "Ungeniambia siku ile ile ningecheka, ningemwandika mwenyewe. Hata Alhamisi ungeniambia. Lakini ulisimama pale ukasema humjui, halafu ukakaa siku sita."

"Nilitaka chuo."

"Najua ulitaka chuo." Alikuwa na huzuni kuliko hasira, na mimi ningependa angekuwa na hasira, ningepata pa kushika. "Nimepeleka barua. Atakwenda yule msichana wa kliniki ya watoto."

Yule msichana wa kliniki alikuwa anaongea kuanzia anapofungua mlango mpaka anapoufunga. Alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kuhesabu kitu zaidi ya ishirini bila kusimulia habari katikati.

Nilitoka nikaenda wodini kukaa na mama mkwe. Nilikuwa na hasira naye, nasema wazi. Nilikuwa na hasira na jikoni yake na majina yake. Nikamwambia, "Mama, unaona mlichonifanyia? Nimenyimwa chuo kwa sababu ya jina la mzee. Nilishindwa kuliandika."

Alinitazama bila kuelewa. Nikaeleza tena, polepole, cheti, msumari, rejista.

"Kuandika?" akasema. "Nani alikukataza kuandika?"

"Si mlisema hatulitaji?"

"Kwa mdomo, mwanangu. Mdomo." Akagusa midomo yake kwa kidole kama ananifundisha a, e, i. "Karatasi mimi naijulia wapi? Wakamwana wenzio wote wawili wanaandika jina lake kwenye kadi za watoto kliniki. Ulishawahi kuniuliza?"

Sikuwahi. Katika maisha yangu yote ya kupanga vitu vizuri sikuwahi kumuuliza mtu kitu ambacho niliweza kukiamua peke yangu. Mzee, ambaye tulidhani amelala, akasema kutoka kitandani akiwa ameelekeza uso ukutani, "Kumbe Mwenye Mji ni mimi? Na nilicheka." Mama mkwe alifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanacheza, sikujua anacheka au analia. Mimi nilijua nafanya lipi.

Kosa la kwanza lilikuwa limekwisha, na mambo yangeweza kuishia hapo. La pili nililifanya nikiwa na akili timamu.

Wiki moja kabla sijajifungua, mganga alikuja mpaka chumbani kwangu, akasimama nje ya mlango kwa heshima. Alisema fundi mwingine wa muda ameletwa kutoka Biharamulo mpaka yule msichana amalize chuo. Alisema anahitaji mhudumu. "Kazi ile ile ya mwanzo," akasema. "Kuosha vioo, kutunza sanduku. Mshahara ule ule. Baada ya mwaka mmoja au miwili watu watasahau, nitaandika barua nyingine. Nakuhitaji pale, huyu aliyekuja anaweka vioo vibichi juu ya vikavu."

Nilikuwa nakunja nepi. Nilizikunja nne kabla ya kujibu.

"Siwezi kuosha vioo vya mtu mwingine," nikasema.

"Ni vioo vya wagonjwa."

"Siwezi."

Alisubiri kidogo. Labda alidhani kwa kuwa mimi ni mkimya, kuna neno jingine linakuja nyuma. "Haya," akasema. "Uzae salama." Akashika njia ya kurudi kwenye foleni yake, na mimi nikaona nimeshinda.

Mwanangu sasa ana miaka miwili. Baba yake alirudi kutoka vitani mzima, anaongea kama zamani, anajenga ghala la kijiji, na usiku anauliza kwa nini nimenuna. Tunaishi Mbuba na wakwe. Nimerudi kwenye shamba la pamoja, filimbi ni ile ile, na jioni mara mbili kwa wiki nafundisha kisomo, kwa sababu hawana mwingine mwenye kidato cha nne. Siku hizi nasikika. Hasira imenipa sauti. Wanawake wanasema nimekuwa mwalimu mzuri, na wanasema kweli, kazi ninaijua. Narudi nyumbani nimechoka kiasi kwamba mtoto akinisemesha namjibu kwa ukali, halafu namwomba radhi akiwa amelala.

Mwezi uliopita nilimpeleka kituoni kwa homa. Nilikaa kwenye benchi na wenzangu. Kidirisha kilikuwa wazi, nikaona ndani: yule fundi wa muda amehama dirisha la mashariki, amekaa kwenye pembe yenye kivuli, na sanduku la vioo liko chini karibu na mlango, halina kifuniko. Msichana mdogo aliyevaa koti la mhudumu alikuwa anasuuza vioo kwenye beseni. Alivitoa vyote pamoja, kiganja kimoja, akavimwaga juu ya kitambaa.

Muuguzi mmoja wa zamani alinitambua. "Mwalimu," akasema, "bado hatujapata mtu wa kudumu wa pale. Huyu binti anaondoka mwisho wa mwezi, anaolewa Rulenge. Nimwambie Mganga uko hapa?"

Nilikuwa na mtoto mgongoni, anawaka. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema mwambie. Nilitaka kusema mwambie naosha, naosha vya mtu yeyote, hata bila mshahara mpaka Krismasi. Kisha nikaona mganga mwenyewe akipita mlangoni na bomba la sindano, hakunitazama, au alinitazama na kuona mama mmoja kati ya mama kumi na watano.

"Hapana," nikasema. "Nina darasa."

Muuguzi akasema sawa, akaenda na karatasi zake. Mtoto alipewa dawa, homa ikashuka. Mwisho wa mwezi umepita. Nimesikia wamempata mtu, mama mmoja wa makamo wa huko huko karibu na kituo, asiyejua kusoma lakini ana mikono mizuri, na kwamba kila asubuhi anavisimamisha vile vioo wima kimoja baada ya kingine bila kuambiwa na mtu.